UZI: "Cheti bila kurudi darasani": wakisema hivyo jukwaani, wanamaanisha nini?

1/ Siku hizi mkutano wa siasa hauishi bila ahadi ya karatasi. Mgombea anasimama juu ya gari pale soko la Migwani, anashika maikrofoni: "Mafundi wetu wote watapewa vyeti, hakuna kurudi darasani!" Makofi. Wiki inayofuata mpinzani wake anasimama palepale anasema hiyo ni njia ya kuuza digrii kwa mlango wa nyuma. Makofi tena, na wengine ni walewale. Leo tufungue hili jambo tulione ndani. Sheria za huu uzi mnazijua: hakuna jina la mtu, hakuna jina la chama.

2/ Kitu chenyewe ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana awali. Maofisa wa Nairobi hutumia herufi tatu tu, RPL. Tanzania wanasema "kurasimisha ujuzi", na kwa jina enyewe wametushinda. Wazo ni rahisi: kinachopimwa ni unachokijua na unachoweza kufanya, hata kama ulikijulia kwa baba yako, kwa mjengo, kwa kuharibu na kurekebisha. Ukithibitisha, unapewa cheti kinacholingana na cha aliyepitia chuo. Ona hilo neno "ukithibitisha". Kwenye jukwaa huwa linaanguka.

3/ Sasa, wanasiasa wanachanganya vitu vitatu, na sisi tunawafuata.

Kuna kutambuliwa: unapimwa, unapata cheti cha ufundi wako, unarudi kazini.

Kuna kuingia: huna alama ya kidato cha nne inayotakiwa, lakini chuo kinakubali uzoefu wako badala yake, kisha unasoma kozi yote kama wengine.

Halafu kuna krediti: uko chuoni tayari, na yale unayoyajua yanahesabiwa kama masomo uliyokwisha kufaulu, kwa hiyo kozi ya miaka mitatu inakuwa ya miwili na karo inapungua.

Mtu akiahidi la kwanza wewe ukasikia la tatu, mtaonana baada ya uchaguzi.

4/ Tuanze na fundi, kwa sababu huko ndiko kuna watu wengi. Takwimu za serikali zinasema zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 Kenya wako nje ya ajira rasmi, yaani jua kali na jamaa zake. Na hili si jambo geni. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja hapa, wakaandika ripoti iliyofanya dunia nzima ianze kusema "sekta isiyo rasmi". Neno lenyewe lilipata umaarufu kupitia watu wetu wa nyundo na mabati! Miaka zaidi ya 50 baadaye bado tunajadili kama wanajua kazi.

5/ Na Ukambani hasa, shule ya ufundi imekuwa nje ya shule tangu zamani. Wale wachongaji wa Wamunyu: inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na huo ujuzi, ukaenea kijiji hadi kijiji mpaka ukafika Mombasa, Changamwe, na ushirika wake. Vizazi vitatu vinne vya biashara, watoto wamesomeshwa, watalii wamebeba twiga nusu ya dunia. Hakuna aliyeuliza cheti. Mteja anaangalia twiga.

6/ Basi kwa nini karatasi? Kwa sababu si kila mteja anaangalia twiga. Serikali ikiwa ndiyo mteja, inaangalia karatasi.

Chukua mfano wa fundi wa mawe wa hapa kwetu, tuseme ana miaka 45, amejenga tangu akiwa na 17. Sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi haikusajili wakandarasi peke yao. Fundi mwenye ujuzi na msimamizi wa mjengo nao wanapaswa kuidhinishwa. Bila hiyo, kwa mjengo mkubwa wenye kufuata sheria yeye anahesabiwa pamoja na kijana aliyefika jana kubeba maji.

7/ Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kusikia mgombea yeyote akilitaja, na ni la pesa taslimu. Amri ya mishahara ya chini ya Kenya inataja mafundi kwa madaraja: fundi asiye na daraja, fundi wa daraja la tatu, la pili, la kwanza. Kila daraja na mshahara wake wa chini kabisa. Hayo madaraja yanatokana na majaribio ya ufundi, ile "trade test" ya wazee, ambayo leo iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Soma tena polepole. Kwa sheria, watu wawili wanaweza kupanga mawe kwenye ukuta mmoja, kwa mstari ulionyooka sawa, na mmoja ana haki ya kulipwa zaidi kwa sababu ya karatasi. Na kwa vile amri hiyo hutenga pia miji mikubwa na sehemu nyingine, sisi wa huku tuko kwenye safu ya chini tayari. Kukosa daraja ni kuteremka mara ya pili.

8/ Kwa hiyo ujue pia: anayesema "tutaanzisha" kitu cha kupima mafundi wasiosoma anakuuzia shamba lako mwenyewe. Jaribio la ufundi limekuwepo miaka mingi. Fundi ambaye hajawahi kuona lango la chuo anaweza kuomba kupimwa, anaanza daraja la tatu, anapanda. Tatizo limekuwa ada, umbali, lugha ya karatasi ya mtihani, na kwamba hakuna aliyemwambia.

9/ Kilicho kipya ni mfumo mpana zaidi. Mwaka 2014 bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti na sifa, ikaundwa mamlaka inayoitwa KNQA. Kazi yake ni kupanga vyeti vyote vya nchi kwenye ngazi moja yenye hatua 10, ili ijulikane kipi kinalingana na kipi. Diploma iko hatua ya 6, digrii ya kwanza ya 7, uzamifu ya 10. Vyeti vya ufundi viko chini ya diploma, kila kimoja mahali pake. Mwaka 2024 sera ya taifa ya kutambua ujuzi ikazinduliwa rasmi. Kwa hiyo sasa fundi hapewi daraja linaloning'inia peke yake. Anapewa mahali kwenye ngazi, na kwenye ngazi mtu anaweza kupanda.

10/ Inavyofanyika, kwa ufupi: unaomba kwenye kituo kilichoidhinishwa, unaelezwa kinachotakiwa, unakusanya ushahidi wa kazi zako kwenye faili, unapimwa kwa vitendo na kwa maswali, wapimaji wanakaguliwa na wengine, ndipo cheti. Ukipungukiwa mahali, unaambiwa ni wapi, unaenda kujifunza hapo tu. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo tamu na ndiyo inayosahaulika. Mtu hafukuzwi akaanze kidato cha kwanza. Anaambiwa, "baba, kupima na kupanga uko sawa kabisa, ila kusoma ramani ya mjengo bado."

11/ Sasa twende penye ugumu, maana hapa ndipo napenda kukaa.

Kitui ni nchi ya mabwawa ya mchanga. Shirika la SASOL lilianza kuyajenga na jamii miaka ya 1990, na leo yako mamia kwenye mito yetu ya msimu. Ukuta wa mawe na simiti unakatiza mto, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake ambapo jua halifiki. Unachimba kwa mkono wakati wa kiangazi unakuta maji.

Fundi anayejua hiyo kazi anajua mambo ambayo hayaonekani. Anajua kutafuta mwamba chini ya mchanga, kwa sababu ukuta usiokaa juu ya mwamba unavuja kwa chini. Anajua mabawa ya ukuta yaingie kwenye kingo kiasi gani, la sivyo mto utazunguka pembeni ujitafutie njia mpya, na mtabaki na ukuta mzuri uliosimama peke yake katikati ya shamba la mtu.

12/ Mtathmini akija na orodha yake ya uashi, atauliza: kuchanganya mota, kupanga mawe, kupima pembe, kusoma mchoro, kukadiria vifaa, usalama kazini. Fundi wetu atapita mengi, atakwama kwa mchoro na makadirio ya kuandika. Na ule ujuzi wake mkubwa, wa kusoma mto? Kama haujaandikwa kwenye viwango vya kazi, hakuna kisanduku cha kuweka alama ya tiki. Hautapimwa kabisa.

Hili ndilo swali la maana kwenye huu mjadala wote: nani anaandika viwango? Kama ni watu wa Nairobi peke yao, basi Migwani itapata vyeti vya kuthibitisha yale ambayo Nairobi inayajua. Baraza la serikali la mitaala na mitihani ya ufundi, TVET CDACC, hutengeneza viwango pamoja na wawakilishi wa sekta. Sekta kwa kawaida ina maana ya kampuni na vyama vya waajiri. Fundi wa bwawa hana chama. Kaunti ingeweza kumpeleka, na hiyo ni ahadi ningeipigia makofi.

13/ Upande wa pili nao wana hoja, tusiwadharau. Kijana aliyesoma chuo cha ufundi miaka miwili, mama yake ameuza mbuzi wote, anauliza: "Yeye apate cheti kama changu kwa kupimwa siku mbili?"

Jibu ni kwamba hapimwi siku mbili. Zinapimwa kwa siku mbili zile miaka 20. Lakini hilo jibu linasimama tu kama kipimo ni kigumu kwa wote wawili. Wapimaji wakianza kupitisha kila mtu ili hesabu ya mwaka ionekane nzuri, huyo kijana ana haki ya kukasirika, na fundi hodari naye ameibiwa, kwa sababu cheti chake kimefanana na cha asiyejua.

14/ Na hofu ya vyeti feki haitoki hewani. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umekuta zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Hao walikuwa ofisini, kwa mshahara wa kodi yako. Wapinzani wa kutambua ujuzi wanataja hayo kila mara.

Mimi naona hoja yao imegeuzwa kichwa chini. Mtu hughushi cheti cha darasani, kwa sababu cheti cha darasani hakuna anayekiuliza ufanye kazi mbele yake. Mfumo unaokwambia "hebu jenga hapa nione" ni mgumu zaidi kudanganya. Unaharibika tu mpimaji akipewa kitu kidogo. Kwa hiyo uliza ulinzi uko wapi: nani anamkagua mpimaji, rufaa inapelekwa wapi, na je, mwajiri anaweza kuhakiki cheti bila kufunga safari?

15/ Tuje kwa krediti ya chuo sasa, maana huko ndiko ahadi zinakuwa kubwa na ukweli unakuwa mdogo.

Kuna mfano wa Kenya ambao unastahili kujulikana zaidi. Mwaka 2005, AMREF na washirika wake, pamoja na Baraza la Wauguzi, walianza kuwapandisha wauguzi wenye cheti hadi diploma kwa kusoma kupitia kompyuta. Walikuwa maelfu, wengi kwenye zahanati za vijijini kama zetu. Hawakuambiwa waanze upya kama mtoto aliyetoka kidato cha nne. Yale waliyokwisha kujua yalichukuliwa kuwa msingi, wakasoma yaliyobaki, na wakaendelea kudunga sindano kwa wagonjwa walewale. Zahanati haikufungwa ili muuguzi akasome.

Walimu wa P1 nao, cheti chao kilipoondolewa na nafasi ikachukuliwa na diploma, waliwekewa kozi fupi ya kujiendeleza badala ya kurudia yote. Walilalamika kuhusu karo, na walikuwa na sababu, lakini wazo ni lilelile.

16/ Tazama hiyo mifano miwili kwa makini. Wote walikuwa na cheti tayari. Ni cheti kwenda cheti. Hivyo ndivyo krediti inavyotembea kwa wingi hapa kwetu: mwenye diploma anaingia digrii mwaka wa pili, chuo kinapunguza baadhi ya masomo. Na hata hapo, seneti ya kila chuo ndiyo inaamua ipokee nini. Chuo kimoja kitakuhesabia, cha pili kitakwambia uanze mwanzo. Mgombea wa udiwani hana kiti kwenye seneti.

Mtu asiye na cheti chochote kupewa krediti za digrii kwa kazi ya mikono peke yake? Akikuahidi hivyo kabla ya Desemba, mwombe aandike.

17/ Kwingine imefika mbali. Ufaransa, sheria ya 2002 inamruhusu mtu kupeleka uzoefu wake mbele ya jopo na kupewa stashahada nzima, si vipande tu. Marekani, tangu Vita vya Pili vya Dunia kuna utaratibu wa kupima mafunzo ya jeshi ili vyuo viyahesabu kama krediti, ingawa kila chuo kina kiwango chake cha juu. Afrika Kusini waliiweka kwenye mfumo wao wa vyeti baada ya ubaguzi wa rangi, kwa sababu iliyo wazi: watu walikuwa wamezuiwa shule kwa sheria, usingeweza kuwadai vyeti vya shule. Na Tanzania, VETA wanapima mafundi wa gereji na ujenzi, huku tume yao ya vyuo vikuu ikiwa na mtihani wa kuwaingiza chuoni watu wazima wenye uzoefu. Jirani tu hapo.

18/ "Lakini mimi nataka cheti niende nje." Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko lingine lolote. Tangu Septemba 2024, Kenya ilipotia saini mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani, kila mkutano unataja Ujerumani kana kwamba iko baada ya Mwingi.

Cheti cha Kenya hakitambuliwi Ujerumani kwa sababu tu ni cheti. Wao wana sheria yao ya kulinganisha vyeti vya kigeni, wanaangalia ulisoma nini na kwa muda gani, halafu kuna lugha. Cheti kilichotokana na uzoefu kinaweza kusaidia, kinaweza kutiliwa shaka. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya hiyo ahadi kabla hujajua nani huko upande wa pili anaipokea.

19/ Nani ana mamlaka ya nini? Hapa ndipo unapoweza kumshika mtu kwa upole mbele ya watu.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tulivyoita "politekiniki" na sasa vituo vya mafunzo ya ufundi. NITA, KNQA, mitihani ya taifa na vyuo vikuu viko kwa serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo mgombea wa kaunti hawezi kukupa cheti. Anaweza kufanya kituo cha karibu na Migwani kiwe na vifaa na wapimaji mpaka kiidhinishwe, ili usipande gari kwenda Nairobi au Athi River. Anaweza kuweka basari ya ada ya kupimwa, siyo basari ya karo ya shule peke yake. Anaweza kuamua kwamba tenda ndogo za kaunti zitampa nafasi fundi aliyepimwa. Mgombea wa bunge anaweza kusukuma bajeti na sheria. Mwulize kila mmoja kuhusu kazi yake.

20/ Na wanawake wasiachwe. Tukisema "fundi" hapa tunaona mwanamume na mwiko wa kujengea. Mwaitu anayeshona sare za shule nyumbani kwa cherehani ya mguu miaka 15 anajua kukata kitambaa bila kupoteza hata kipande cha kiraka. Kushona ni kati ya kazi zilizo na viwango na majaribio tayari. Shida yake ni muda. Siku mbili za kupimwa Kitui mjini ni siku mbili bila mtu wa kuteka maji. Mpango ambao haujafikiria hilo utawapima wanaume, kisha ripoti itaandika kwamba wanawake "hawakujitokeza".

21/ Ukitaka kujiandaa leo, bila kungoja mgombea yeyote, anza faili. Kitambulisho. Barua kutoka kwa waliokuajiri au uliowajengea, yenye tarehe na namba ya simu inayopatikana. Risiti za vifaa ulivyonunua kwa ajili ya kazi. Cheti chochote cha semina, hata ya siku moja. Majina ya vijana uliowafundisha, maana aliyefundisha wengine ana ushahidi wa aina yake.

Na picha. Wengi hupiga picha nyumba ikiisha, na rangi, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akicheka. Mtathmini hiyo haimsaidii. Piga msingi kabla haujafukiwa, piga chuma kabla ya zege kumwagwa, piga wewe mwenyewe ukiwa kazini. Usiiache kwenye simu peke yake. Simu huibwa, simu huanguka kisimani. Mtumie mtoto wako nakala.

Uzi ujao: basari za kaunti, nani anazigawa na kwa orodha gani.